Fedha ya Karafuu na Shahada ya Uuguzi kwa Njia ya Mtandao

Kila baada ya msimu mwema, karafuu zikisha kupimwa na fedha zikisha kupokelewa, wazee huanza kufikiri juu ya masomo ya watoto wao. Hili ni jambo jema sana, nasi twalipenda. Lakini fedha ya karafuu ni fedha ya jasho. Imepatikana kwa palizi, kwa kupanda juu ya mti, kwa kuchambua usiku na kwa kuanika majamvini huku macho yakitazama mawingu. Si fedha ya kutolewa kwa kusikia maneno ya njiani.

Siku hizi baadhi ya wanachama wametuuliza juu ya jambo moja. Vijana wao walioko Marekani, ambao ni wauguzi au wamo katika kazi ya kutunza wagonjwa, wameandika kutaka msaada wa ada ili wasome shahada ya uuguzi kwa njia ya mtandao. Wengine wanao mabinti walio wauguzi hapa hapa, nao wameambiwa kuwa waweza kupata shahada ya Marekani bila ya kuvuka bahari. Wazee wauliza: Je, elimu hii ni ya kweli? Je, yafaa kuuza shamba kwa ajili yake? Tumeona vyema tueleze kwa taratibu, kila mtu apate kupima mwenyewe.

NI ELIMU YA NAMNA GANI?

Kwanza twataka kuondoa dhana moja inayowapoteza wengi. Watu wakisikia habari za shahada ya uuguzi kwa njia ya mtandao hudhani kuwa mtu asiyewahi kushika sindano aweza kukaa nyumbani na kompyuta yake, na baada ya miaka michache akatoka muuguzi. Sivyo. Uuguzi ni kazi ya mikono, kama ilivyo kazi yetu. Hapana aliyejua kupanda mkarafuu kwa kusomewa barua. Kumgeuza mgonjwa asiyejiweza, kutafuta mshipa, kumzalisha mama, hayo yote hufunzwa wodini, mbele ya mwalimu.

Huko Marekani ziko njia zaidi ya moja za kuwa muuguzi aliyesajiliwa. Mmoja husoma kiasi cha miaka miwili katika chuo cha jamii, mwengine husoma miaka minne katika chuo kikuu akapata shahada kabisa. Wote wawili hufanya mtihani mmoja, uitwao NCLEX-RN, na wakifaulu hupewa leseni na jimbo. Basi masomo mengi ya shahada ya uuguzi kwa mtandao yamewekwa kwa ajili ya yule wa kwanza, ambaye tayari ni muuguzi mwenye leseni, tayari yuko kazini, na sasa ataka kukamilisha elimu iliyobakia ili naye awe na shahada. Ziko programu chache zinazowapokea wasiokuwa wauguzi, lakini hizo nazo humlazimisha mwanafunzi kwenda hospitali kwa mazoezi. Mtu akikwambia kuwa iko isiyohitaji hospitali wala leseni, mwogope.

KWA NINI WAUGUZI WAITAKA?

Mzee aweza kuuliza: Ikiwa kijana ana leseni na ana kazi, ataka nini tena? Swali hili ni la haki.

Mwaka 2003 Bi Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walitoa utafiti juu ya hospitali 168 za jimbo hilo na wagonjwa 232,342 waliopasuliwa. Waliona kuwa kila wauguzi wenye shahada walipozidi kwa sehemu 10 katika 100 hospitalini, hatari ya mgonjwa kufa ilipungua kwa sehemu 5 katika 100. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kuwa cheti ndicho kilichomponya mgonjwa, maana hospitali zenye wasomi wengi huenda zina mema mengine pia. Lakini wakuu wa hospitali waliusoma, na tangu hapo neno la shahada likapata nguvu.

Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilishauri kuwa ifikapo mwaka 2020 wauguzi 80 katika kila 100 wawe na shahada. Mwaka huo ulifika na lengo halijatimia, lakini mwendo ulikuwa umekwisha kuanza. Mwishoni mwa mwaka 2017 jimbo la New York lilitunga sheria kuwa wauguzi wapya wapate shahada katika muda wa miaka 10 tangu kupewa leseni. Hospitali nyingi kubwa nazo hupendelea wenye shahada, na asiyekuwa nayo ni shida kupandishwa awe mkuu wa wodi, au kuendelea na masomo ya juu zaidi. Kwa hivyo kijana asemaye kuwa ataka shahada hasemi kwa majivuno. Ataka kulinda kazi yake.

KUOMBA NAFASI

Maombi yenyewe hayana siri, lakini yataka subira na karatasi zilizo timamu. Kwa kawaida chuo hutaka haya:

La kwanza, leseni ya uuguzi iliyo hai na isiyo na doa. Programu nyingi hutaka leseni ya Marekani khasa. Hapa ndipo wengi wa nyumbani wanapokwama, kwani leseni ya Zanzibar au ya Tanzania Bara haiwi badala yake.

La pili, matokeo ya masomo ya zamani, yaliyotumwa moja kwa moja na chuo cha zamani kwenda chuo kipya. Karatasi iliyopita mkononi mwa mwombaji mara nyingi haikubaliwi. Aliyesoma nje ya Marekani hutakiwa vyeti vyake vichunguzwe na shirika linalotambuliwa, kama vile lile lililoanzishwa mwaka 1977 kwa jina la CGFNS, na pengine afanye mtihani wa Kiingereza.

La tatu, masomo ya msingi kama elimu ya viungo vya mwili, elimu ya vijidudu na hesabu za takwimu. Anayepungukiwa husoma hayo kwanza, na katika chuo cha jamii huwa rahisi zaidi.

La nne, chuo kiwe na ruhusa ya kufundisha wakaao katika jimbo la mwanafunzi. Chuo kilichoko jimbo moja si lazima kiwe na ruhusa katika majimbo yote. Mwanafunzi aulize kabla ya kulipa, siyo baada yake.

Tena aulize ni masomo mangapi ya zamani yatakayohesabiwa. Shahada ya Marekani kwa kawaida ni vipimo 120 vya masomo. Muuguzi aliyetoka chuo cha jamii huwa amekwisha kupata sehemu kubwa, na hubakiwa na vipimo 30 hivi vya uuguzi pamoja na masomo mengine machache. Chuo kikikataa kuhesabu ya zamani, ada yazidi na miaka yazidi.

MASOMO YENYEWE

Mtu asidhani kuwa kusoma nyumbani ni kupumzika. Masomo hugawanywa vipande vifupi, mara nyingi vya wiki tano hadi nane, na kila wiki ina kazi yake. Mwanafunzi husoma sura za kitabu, huandika maoni yake mahali ambapo wenzake huyaona, huwajibu wenzake, na mwisho wa wiki hupeleka insha. Insha hizo huandikwa kwa kanuni kali za kutaja vitabu, ziitwazo APA, na wengi walio hodari wodini hutokwa na jasho hapo.

Masomo yenyewe ni utafiti, takwimu, uongozi, matumizi ya kompyuta katika hospitali, na afya ya jamii. Hili la mwisho aghalabu lina mazoezi ya nje. Mwanafunzi huenda katika mtaa, skuli au kituo cha afya, akatazama haja za watu na kufanya kazi ya kuwasaidia, huku akihesabiwa saa zake. Asomaye kwa bidii aweza kumaliza katika mwaka mmoja au mmoja na nusu. Mwenye watoto na zamu nyingi huchukua zaidi, wala si aibu.

Viko vyuo vyenye mtindo mwengine. Western Governors University, kilichoanzishwa na magavana wa majimbo ya magharibi mwaka 1997, humtoza mwanafunzi kwa kila miezi sita, naye huruhusiwa kumaliza masomo mengi kadiri awezavyo katika muda huo. Mtindo huu humfaa mtu mwepesi anayejisimamia. Mtu wa kusukumwa humla fedha.

Hapa twataka kusema neno na wazazi. Wauguzi wengi wa huko hufanya zamu za saa 12. Kijana atoka kazini saa moja asubuhi, alala kidogo, aamka kuandika insha. Kazi nyingi hutakiwa zifike kabla ya saa sita usiku wa Jumapili. Kwa aliyeko pwani ya mashariki ya Marekani, saa hiyo kwetu ni saa moja asubuhi ya Jumatatu wakati wa joto lao, na saa mbili wakati wa baridi yao. Basi binti asipopokea simu Jumapili, mama asihuzunike wala asidhani kuwa ametupa jamaa zake. Na ikiwa alikuwa akileta fedha kila mwezi, sasa zikapungua, isemwe wazi nyumbani kuwa ni kwa muda. Mkarafuu mchanga hukaa miaka sita na zaidi kabla ya kuzaa, na hapana mkulima mwenye akili anayeukata kwa kuwa mwaka wa tatu haukutoa kitu.

HABARI ZA ADA

Ada hutofautiana mno, na chuo cha serikali cha jimbo mara nyingi huwa na nafuu. Kabla ya kijana kuomba fedha nyumbani, aulize mambo mawili huko aliko. Kwanza, mwajiri wake. Hospitali nyingi husaidia ada za wauguzi wao, na sheria ya kodi ya Marekani kwa miaka mingi imemruhusu mwajiri kumlipia mfanyakazi masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila ya fedha hiyo kutozwa kodi. Lakini asome mkataba, kwani mara nyingi hutakiwa kubaki kazini kwa muda baada ya kusoma. Pili, msaada wa serikali kuu, ambao hupatikana kwa raia na kwa wenye ukaazi wa kudumu. Mgeni wa viza ya masomo hapati.

Ikiwa bado fedha ya nyumbani yahitajika, wanachama wakumbuke tabia ya mti wetu. Mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja na mwaka wa pili hupumzika, lakini ada haipumziki. Anayeahidi ada ya miaka miwili kwa kutazama msimu mmoja mwema atajikuta anakopa kwa karafuu zilizo bado mtini, nasi sote twajua mwisho wa mkopo huo. Afadhali kutenga akiba kamili kwanza, kisha kuahidi kiasi hicho tu. Kuuza shamba au kuliweka rehani kwa ajili ya masomo haya hatushauri hata kidogo, kwani mwanafunzi mwenyewe ana kazi na mshahara.

JIHADHARINI NA WALAGHAI

Mwezi wa Januari mwaka 2023 wakuu wa Serikali ya Marekani walitangaza kuwashitaki watu 25 kwa biashara ya vyeti vya uuguzi vya uongo vilivyotoka katika skuli za Florida. Vyeti hivyo vilikuwa zaidi ya 7,600. Walionunua walitoa maelfu ya dola, na baadaye wengi wakajikuta wakiandamwa na mabaraza ya leseni. Fedha imekwenda, kazi imekwenda, na jina limeharibika.

Mkulima hanunui gunia la karafuu kwa kutazama nje yake. Hulifungua, akatia mkono mpaka chini, akatazama kama kuna makonyo au unyevu. Vyuo navyo vifanyiwe hivyo hivyo. Programu ya uuguzi iliyo ya haki huwa imethibitishwa na chombo kinachotambuliwa, na vilivyo mashuhuri ni CCNE na ACEN. Wizara ya Elimu ya Marekani huweka orodha ya vyuo vilivyothibitishwa, na mtu yeyote aweza kuitazama bila ya malipo. Wakala anayetaka fedha mkononi, anayeahidi shahada kwa wiki chache, au anayesema leseni haina haja, afungiwe mlango.

WALIOKO HAPA NYUMBANI

Je, muuguzi aliyeko Wete au Mkoani hana njia? Njia ipo, lakini si hiyo ya Marekani. Majirani zetu wa Kenya walionyesha mfano. Tangu mwaka 2005 shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya walitumia kompyuta kuwainua wauguzi wa cheti wafikie stashahada. Wauguzi walibaki katika vituo vyao vya kazi, walisoma kwa kompyuta, na mazoezi waliyafanya hospitalini chini ya wasimamizi. Watu wa vijijini hawakunyimwa muuguzi wao kwa sababu amekwenda masomoni.

Muuguzi wetu anayetaka shahada aanze kwa kuuliza Baraza la Wauguzi na Wakunga la Zanzibar ni shahada ipi litakayoitambua, kisha aulize Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania, ambayo ndiyo huamua kama shahada ya nje ina thamani hapa nchini. Aulize kwa maandishi, na jibu alipate kwa maandishi, kabla ya senti moja kutoka. Shahada isiyotambuliwa na Baraza haitampandisha daraja, hata ikiwa imepambwa kwa mihuri ya dhahabu.

Kila msimu wachumaji huanguka mikarafuuni, na anayewapokea kwanza kituoni ni muuguzi. Wake zetu wanapojifungua, aliye karibu nao ni muuguzi. Kwa hivyo elimu ya wauguzi ni maslahi yetu sisi wenyewe, na fedha inayotumika humo kwa uangalifu haikupotea. Mwanachama yeyote aliyeletewa barua ya chuo asichokijua aichukue aende nayo kwa mwalimu au muuguzi mkuu wa karibu isomwe kwanza. Asione haya kuuliza, na asilipe siku ile ile.