Tiba ya Mikono kwa Maumivu Sugu ya Kiuno

Maumivu ya kiuno huitwa sugu yanapodumu zaidi ya wiki 12, yawe ya kila siku au ya kuja na kupoa. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani waliumwa kiuno, na hakuna maradhi mengine yanayowazuia watu wengi zaidi kufanya shughuli zao. Kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10, hapapatikani mfupa uliovunjika, uvimbe wala maambukizi. Maumivu ni ya kweli kabisa, ila chanzo chake hakionekani kwa eksirei.

Katika Kaunti ya Isiolo kazi zinazochosha kiuno ni nyingi. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20 na zaidi, na mwanamke anayeishi mbali na kisima huubeba mara kadhaa kwa siku. Madereva wa malori hukaa saa nyingi kwenye barabara ya Moyale, na waendesha bodaboda wa Merti na Garbatulla hurushwarushwa kwenye njia za mchanga na mawe. Maumivu yakizidi, wengi huanzia kwa mkandaji wa mtaani mwenye mafuta yake, au kwa mpiga hijama. Fiziotherapia ya hospitali huja baadaye, mara nyingi baada ya miezi ya kumeza dawa za kutuliza maumivu.

Tiba ya mikono inayotolewa na wafiziotherapia ina sura tatu. Ya kwanza ni kuchua misuli. Ya pili ni kusogeza kiungo polepole: mtaalamu huweka kiganja au vidole gumba juu ya pingili na kuisukuma kidogo kidogo, kwa mpigo sawa, huku mgonjwa akiwa na uwezo wa kumsimamisha wakati wowote. Geoffrey Maitland wa Australia ndiye aliyeipanga mbinu hii kwa viwango, kuanzia msogeo mdogo sana hadi ule unaofika mwisho wa uwezo wa kiungo. Sura ya tatu ni msukumo mmoja mfupi wa haraka, ambao mara nyingi huleta mlio wa "ko!". Msukumo huo ulipata umaarufu Marekani katika karne ya 19, kupitia osteopathia ya Andrew Taylor Still na kairopraktiki iliyoanzishwa na Daniel David Palmer mwaka 1895.

Palmer aliamini kwamba pingili zilizohama ndizo chanzo cha magonjwa, na wazo linalofanana na hilo bado lina nguvu: mgonjwa huambiwa mfupa wake "umetoka" na sasa "umerudishwa". Sivyo ilivyo. Mlio hutokana na nyuso za kiungo kutenganishwa ghafla hadi pengo la gesi likajitokeza ndani ya ute wake. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walilinasa tukio hilo kwenye vidole kwa mashine ya MRI. Hakuna pingili iliyohama ikarejea. Nafuu inayofuata hutokana zaidi na mfumo wa neva, ambao kwa muda hupunguza ukali wa maumivu na kulegeza misuli iliyokaza. Jambo hili lina uzito, kwa sababu mtu aliyeambiwa uti wake wa mgongo hutoka mahali pake huogopa kuinama na kubeba, na woga huo wenyewe hurefusha ugonjwa.

Je, tiba hii inasaidia? Inasaidia, kwa kiasi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la BMJ, uliokusanya majaribio 47 yenye washiriki 9,211, ulionyesha kwamba msukumo na usogezaji wa pingili hupunguza maumivu sugu karibu sawa na tiba nyingine zinazopendekezwa, mazoezi yakiwemo. Kuchua nako huleta nafuu ya muda mfupi. Jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2004, lenye wagonjwa 1,334, lilipata matokeo mazuri zaidi katika miezi mitatu ya kwanza pale tiba ya mikono ilipofuatwa na mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unakubali kuchua na tiba ya pingili, pamoja na elimu na mazoezi, na unashauri mikanda ya kiuno na dawa za jamii ya morfini zisitumiwe kama kawaida.

Kabla ya mkono wowote kugusa kiuno, Isiolo ina maswali yake ya lazima. Je, mgonjwa hunywa maziwa mabichi ya ngamia, mbuzi au ng'ombe? Amewahi kuzalisha mifugo kwa mikono mitupu? Ana homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu usioisha? Bruselosisi, ambayo wengi huiita brusela, huwapata wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na hupenda kukaa kwenye pingili za kiuno na maungio ya nyonga. Hutibiwa kwa antibayotiki mbili au zaidi kwa wiki 6 au zaidi, na ikiwa imeingia kwenye uti wa mgongo, kwa miezi 3 hivi au kuzidi. TB ya uti wa mgongo nayo hula pingili kimyakimya. Kusukuma kwa nguvu mfupa ulioliwa hivyo ni hatari kubwa. Ndivyo ilivyo pia kwa wazee wenye mifupa dhaifu na watu waliowahi kuugua saratani. Mwenye ganzi sehemu za siri, au anayeshindwa kudhibiti mkojo au haja kubwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa asiye na dalili hizo, maumivu kidogo ya siku moja au mbili baada ya tiba ni ya kawaida. Mhudumu anapaswa kuwa na leseni ya Baraza la Wafiziotherapia, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na mgonjwa ana haki ya kuiulizia.

Kwa mkazi wa Merti, nauli ya kwenda Isiolo mjini kila wiki ni mzigo mzito. Kwa hiyo sehemu ya ziara yenye faida kubwa kwake ni ile anayofundishwa mazoezi ya kufanya nyumbani na namna ya kurudia kazi zake taratibu. Kukandwa bila kufundishwa kunamlazimu arudi tena na tena. Zikipita ziara nne hadi sita bila nafuu, mhudumu mwadilifu husimamisha tiba hiyo na kumrudisha mgonjwa kwa daktari achunguzwe upya.