Mchango wa Jamii katika Muziki wa Shule Nchini Kenya

Tamasha la Muziki la Kenya lilianzishwa mwaka 1927, enzi za ukoloni, na mwanzoni liliegemea muziki wa Kizungu. Nyimbo za kiasili zilipata nafasi baadaye, na sasa zina vitengo vyake. Shule huanzia mashindano ya ngazi za chini, zikapanda hadi kaunti, kanda, na fainali za kitaifa ambazo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Agosti. Baadhi ya washindi hutumbuiza mbele ya Rais. Wimbo wa dakika chache jukwaani hutegemea watu wengi ambao shule haijawaajiri.

Chuoni, mwalimu wa muziki hufundishwa kusoma nota na kuongoza kwaya. Akipangiwa kazi mbali na kwao, hana budi kumtafuta mzee wa kijijini anayejua wimbo huimbwa katika shughuli gani, nani huuanzisha, na wapokezi huingilia wapi. Mzee hufika jioni baada ya masomo. Hupiga ngoma, watoto wakaiga. Akisikia kosa, huwasimamisha na kupiga upya mpaka mikono yao ishike. Mwalimu hubaki na kazi ya kuupunguza wimbo utoshe muda uliowekwa na waamuzi, na mara nyingi hulazimika kushauriana na mzee kuhusu ubeti gani unaweza kuachwa bila kuharibu maana.

Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kaunti ya Kakamega, ni mfano mzuri wa muziki unaohitaji mzee kama huyo. Ngoma hupigwa tatu kwa pamoja, kubwa, ya wastani na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma. Kila ngoma ina mdundo wake, na ladha hupatikana zote tatu zinapoingiliana, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kujifunza peke yake. Huchezwa mtoto anapozaliwa, katika harusi, hata matangani. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, na fedha za kutengenezea ala na mavazi ni haba. Kwa hali hiyo, zoezi la jioni katika uwanja wa shule ni miongoni mwa njia chache zilizobaki za kuirithisha ngoma hiyo.

Mavazi nayo hutoka nyumbani. Shule ya pwani inayocheza ngoma ya Kigiriama huhitaji hando, sketi yenye marinda mengi inayomeza kitambaa kingi. Akina mama hushona au kuazima kwa jirani. Wazazi huchangia pia nauli na chakula cha safari. Kwa shule ya familia maskini mchango huo ni mzito, na timu nzuri huweza kuishia ngazi ya chini kwa kukosa gari.

Udhaifu mkubwa wa mpango huu wa jamii kusaidia shule ni kwamba hufuata kalenda ya mashindano. Tamasha likiisha, mzee hurudi shambani na ngoma hufungiwa stoo. Chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, sanaa na muziki vilitahiniwa katika shule za msingi. Vilipoondolewa katika mtihani wa kitaifa, vipindi vyake vingi vilimezwa na masomo mengine. Tamasha likabaki kuwa mlango mkuu wa sanaa shuleni, nao hupitiwa na wachache wanaochaguliwa kuingia timu.

Mtaala wa Umilisi, uliochukua nafasi ya 8-4-4, umeirudisha sanaa darasani kwa watoto wote, na katika shule ya upili ya juu Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu. Mkondo huo hauwezi kuendeshwa kwa vitabu peke yake. Unahitaji ala, chumba cha mazoezi, na mjuzi wa ngoma anayelipwa kila muhula badala ya kupewa nauli na shukrani. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, hivyo bajeti ya utamaduni ya kaunti ni mahali pa kutafuta ujira huo, huku bodi ya shule ikipanga vipindi vya mzee ndani ya ratiba ya kawaida, saa ambazo hata mtoto asiye katika timu ya tamasha yuko darasani.