Besi ya zamani na chumvi ya pwani

Gitaa la besi ninalopiga lilitengenezwa Marekani, na sikuhitaji neno la aliyeniuzia ili kulijua hilo. Nilifungua skrubu za bamba la plastiki la mbele, nikalipindua, nikasoma namba iliyogongwa mgongoni mwa kifaa cha volyumu: 1377821. Tarakimu 137 ni za CTS, kampuni iliyotengeneza kifaa hicho. 78 ni mwaka 1978, na 21 ni wiki ya 21 ya mwaka huo. Kichwani pana namba nyingine inayoanza na S8, alama ambayo kampuni ya Fender iliitumia kwa magitaa ya karibu na mwaka huo huo. Namba mbili zikikubaliana, na solda ikiwa haina dalili ya mkono wa pili, mnunuzi anaweza kutulia. Jina lililobandikwa kichwani halitoshi kabisa, maana stika huchapishwa popote.

Nililinunua Mtongwe, Likoni, kwa mzee aliyewahi kupigia bendi ya hoteli upande wa Diani. Alinipa masharti machache ya malipo, kisha akaongeza neno moja nje ya biashara: "Rangi usiiguse, mwanangu." Nilipolivusha gitaa kwa feri kurudi kwangu Changamwe nilikuwa tayari nimemwelewa.

Watu huniuliza gitaa kama hilo lilifikaje Likoni. Lilifika kwa sababu kulikuwa na kazi. Miaka ya 1970 na 1980 hoteli za ufukweni, kusini na kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, ziliajiri bendi za kuwachezesha wageni usiku. Them Mushrooms, walioanza mwaka 1972, walitokea katika kazi hiyo, na "Jambo Bwana" ya Teddy Kalanda Harrison ni wimbo uliotungwa kwa masikio ya mgeni wa hoteli kabla haujawa wa dunia nzima. Mombasa Roots nao waliichukua ngoma ya chakacha ya mama zetu wakaipa ala za umeme. Hata taarabu ya mjini ililikaribisha gitaa la besi kando ya kinanda na ngoma. Kisha zikaja fujo za Likoni za Agosti 1997. Watalii walikimbia, hoteli zikafunga au zikapunguza watu, na wanamuziki walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuachishwa. Ala zilirudi nyumbani na wenyewe. Naamini kabisa kwamba kati ya Likoni, Kisauni na Changamwe bado yapo magitaa mazuri ya miaka hiyo yaliyolala juu ya makabati na chini ya vitanda, yakiliwa na kutu polepole.

Kwa asiyelijua, besi ya umeme ni uvumbuzi wa karibuni. Leo Fender aliitoa yake mwaka 1951 akaiita Precision. Kabla yake mpiga besi alibeba ala kubwa ya kusimama, kubwa kuliko yeye mwenyewe, isiyosikika mbele ya tarumbeta. Fender aliweka vyuma vya freti shingoni ili kila noti iangukie mahali pake, akaweka na sumaku ili sauti iende kwenye amplifaya. Uzi mnene kabisa hutetema kama mara 41 kwa sekunde, sauti ambayo mwili huipokea pamoja na sikio. Msikilizaji wa kawaida hawezi kuitaja, lakini ikikatika anaacha kucheza. Anayetaka ushahidi asikilize "Sina Makosa" ya Les Wanyika, aifuate besi ya Tom Malanga peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, na aone nani anayeubeba wimbo.

Sasa matengenezo. Vitabu vya gitaa vimeandikiwa watu wa nchi kavu na baridi. Sisi adui wetu ni chumvi. Upepo wa bahari huileta hadi ndani ya nyumba, jasho la mpigaji huongeza yake, na unyevu wa hewa hauipi nafasi ya kukauka. Vinavyoanza kufa ni vidude vidogo vya chuma: skrubu za daraja ambazo nyuzi zimelalia, jeki ya waya, mguso wa ndani wa volyumu. Daraja la besi yangu lilikuwa limeganda kama limepigwa saruji. Usilazimishe kwa koleo, utavunja kichwa cha skrubu. Tia tone la mafuta ya cherehani kila skrubu, acha lilale usiku, jaribu, tia tena. Langu lilichukua karibu wiki kuachia, na skrubu zote zilitoka nzima.

Shingo nayo ina msimu wake. Nyuzi 4 za besi huivuta kwa nguvu ya kama kilo 75, na ndani yake umelazwa mtaimbo mwembamba wa chuma unaovuta upande wa pili. Mvua ya mwaka ikianza, mbao hunywa unyevu na shingo hubadilika. Kaskazi ikikausha hewa, hubadilika tena. Kupima ni rahisi: bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama nafasi iliyobaki katikati, karibu na freti ya 7. Ikipita kadi ya mwaliko wa harusi, huo ni uwazi wa kutosha. Ikizidi sana, kaza mtaimbo robo mzunguko, uache siku nzima, upime upya. Kwenye besi za Precision za miaka ile kichwa cha mtaimbo kiko chini, shingo inapokutana na kiwiliwili, kwa hiyo lazima ulegeze nyuzi na skrubu za shingo kwanza. Kazi hii ina uchovu wake, na ndiyo inayofanya wengi wakaze kwa pupa hadi mtaimbo unakatika. Ukikatika humo ndani, gharama yake inakaribia bei ya gitaa.

Kazi iliyonifurahisha kuliko zote ilikuwa ya pikapu, yaani zile sumaku za kupokea sauti ya nyuzi. Nilipolichomeka gitaa mara ya kwanza lilitoa sauti nyembamba, ya mbali, kana kwamba linapigwa nyumba ya jirani. Nikalipeleka kwa fundi wa redio Kongowea. Pikapu ya Precision kama yangu, tangu mwaka 1957, ni vipande viwili: kimoja cha nyuzi nene, kingine cha nyuzi nyembamba, vimeunganishwa kwa mfuatano ili kelele ya umeme ya kimoja iifute ya mwenzake. Kila kipande ni sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu. Fundi alipima: kimoja kilisoma kama omu 5,000, kingine hakikusoma kitu. Mtu mwenye haraka angekitupa na kuagiza kipya. Yeye alivaa lenzi jichoni, akaufuata waya kwa ncha ya sindano hadi pale unapoishia, akakuta doa la kijani. Chumvi ilikuwa imekula shaba palepale penye solda, urefu usiofikia punje ya mchele. Kwingine waya ulikuwa mzima. Akafungua mzunguko mmoja tu, akachoma vanishi ya waya kwa ncha ya pasi ya solda, akaunganisha upya, akapima. Omu 5,000. Akaziba kiungo kwa rangi ya kucha isiyo na rangi ili hewa isifike. Sauti ile ya mwaka 1978 ipo, na waya wake ni ule ule.

Kuhusu kubadilisha gitaa la zamani nina msimamo, na vijana wa bendi za kanisani wanajua sitauacha: badilisha unachoweza kukirudisha. Daraja jipya, volyumu mpya, hata pikapu nyingine, weka ukitaka, mradi usitoboe tundu jipya na cha zamani ukihifadhi. Mimi nina mkebe wa biskuti wenye kila kitu nilichokitoa, kimefungwa kwenye karatasi pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu. Kabla gitaa hili halijafika kwa yule mzee, mtu fulani alilichimba kwa tindo karibu na daraja ili aweke pikapu ya pili na betri ya volti 9. Mbao ikishachimbwa hairudi. Seremala wa Kisauni alinichongea kipande cha mbambakofi kinachoingia humo kwa kubana, bila gundi, na hapo ndipo nilipoishia. Kile kikalio cha nyuzi juu ya shingo, kilichokuwa kimepasuka, nilikichongesha cha mpingo hapa hapa Changamwe, kwa wachongaji wa Akamba wa barabara ya Port Reitz. Mpingo ni mti unaozama majini, na watengeneza klarineti wa Ulaya huutafuta sana. Sisi tunao mlangoni.

Rangi ni jambo jingine kabisa. Msasa ukipita mara moja, umri wa gitaa umeondoka, na thamani yake imeondoka nao. Mikwaruzo iacheni.

Nyuzi ni ghali, kwa hiyo wengi wetu huzichemsha ili uchafu utoke. Inasaidia kwa muda mfupi, lakini maji yakibaki katikati ya mizunguko, kwa hewa yetu kutu haichelewi. Kuziloweka usiku kucha kwenye spiriti ni bora, kwani spiriti huondoa mafuta ya vidole na hukauka yenyewe. Nyuzi laini, zile zilizosokotwa kwa utepe bapa, hushika uchafu kidogo na hazili freti. Mimi siku hizi sitii nyingine.

Na hili nalisema kwa uzito wote. Ndani ya gitaa kuna waya unaotoka darajani kwenda kwenye mfumo wa ardhi wa amplifaya. Kama soketi ya ukumbi haina waya wa ardhi, na kumbi nyingi za mitaani hazina, umeme unaovuja unaweza kukupitia pale mkono unapogusa nyuzi na mdomo maikrofoni kwa wakati mmoja. Usiukate waya wa ardhi wa amplifaya ili kelele ipungue, hata fundi akikushauri. Pima soketi kwanza, ndipo uchomeke.

Kama nyumbani kwenu kuna besi iliyoachwa na baba au mjomba aliyepiga muziki hotelini, itoe leo. Legeza nyuzi kidogo, ifute kwa kitambaa kikavu, usiipake chochote, na usiiuze kwa bei ya kuni kabla mtu anayejua hajafungua lile bamba la plastiki na kusoma namba zilizo nyuma yake.