Fahamu: Je, historia inaweza kuithibitisha miujiza ya Yesu?

Injili ya Marko, ambayo wataalamu wengi huiweka karibu na mwaka 70 BK, iliandikwa takriban miaka 40 baada ya Yesu kusulubiwa. Pengo hilo si dogo, lakini halitoshi kuzitupa habari zote. Ushahidi ninaoupa uzito zaidi ni ule wa wapinzani: katika sura ya 3, waandishi (walimu wa Sheria) kutoka Yerusalemu hawakani kwamba Yesu anatoa pepo, bali wanadai anatumia nguvu za Beelzebuli, mkuu wa pepo. Karne kadhaa baadaye, Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho ya Kiyahudi, nayo inamtuhumu Yesu kwa uchawi. Ni kweli, maneno ya waandishi tunayapata kwa mkono wa Marko, lakini ni vigumu kuona kwa nini Mkristo abuni tuhuma ya aibu kiasi hicho dhidi ya Bwana wake.

Wengine watauliza: mbona mwanahistoria Mroma Tacitus anasimulia kwamba Kaisari Vespasian alimponya kipofu huko Alexandria, nasi hatusadiki? Swali hilo ni la haki, na ndipo mpaka wa historia ulipo. Mwanahistoria anaweza kuthibitisha kwamba watu walimjua Yesu kama mponyaji. Kwamba Mungu ndiye aliyeponya, nyaraka haziwezi kuamua. Wala masimulizi ya miujiza hayalingani uzito: kulishwa kwa watu 5,000 kumo katika Injili zote nne, ilhali muujiza wa maji kugeuzwa divai huko Kana umo katika Yohana pekee.