Mlimau Mmoja Nyuma ya Nyumba



Katika kurasa hizi tumezoea kutoa khabari za mkarafuu, na ndivyo ipasavyo, kwani karafuu ndiyo iliyotukusanya. Walakini kila mmoja wetu aijua tabia ya mti huo. Mwaka mmoja huzaa hata matawi yakainama, na mwaka wa pili huenda usitoe hata cha kumlipa mchumaji. Watoto nao hawajui kwamba huu ni mwaka mbaya; madaftari yatakiwa yale yale na sahani zahesabiwa zile zile. Hapo ndipo mtu huuza karafuu zikali juu ya mti, kwa bei asiyoitaka, ili apate cha kutumia leo.

Wazee wetu waliliona jambo hili kwa ukali zaidi. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa siku moja, na mkarafuu mchanga husubiriwa miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa. Aliyekuwa na mkarafuu peke yake alibaki mikono mitupu.

Hatusemi kwamba mlimau utashika pahala pa mkarafuu. Twasema tu kwamba mti mmoja au miwili nyuma ya nyumba, ikitunzwa, hulipa chumvi, sabuni na mafuta ya taa, wala haidai eka wala mchumaji.

Kuchagua mche

Mbegu ya limau huota upesi, lakini mti wake huchelewa kuzaa, aghlabu miaka 5 au zaidi, na huwa na miba mikali. Mche uliobebeshwa huanza kutoa matunda baada ya miaka 2 au 3. Shina la chini laweza kuwa la mlimau wa kienyeji au la mdanzi. Mdanzi hustahimili ardhi ya maweni, wala haushikwi upesi na ugonjwa wa kuoza shina.

Tahadhari moja ni kubwa kuliko zote. Kuna ugonjwa wa michungwa na milimau usiokuwa na dawa, unaochukuliwa na mdudu mdogo mwenye kufyonza majani, na pia kwa vijiti vya kubebeshea. Jani huingia manjano bila mpango: upande mmoja wa mshipa wa kati una doa, upande wa pili hauna. Matunda huwa madogo na yaliyopinda. Jani lililo manjano sawasawa pande zote mbili aghlabu lina njaa ya mbolea tu, na hiyo hutibika. Basi msinunue mche kwa mchuuzi asiyeweza kukuonyesheni mti mama. Mche mmoja mgonjwa waweza kuharibu miti ya mtaa mzima.

Kupanda

Mlimau wataka jua. Usiupande chini ya mwembe wala katikati ya mikarafuu. Hauwezi kustahimili maji yaliyotuama. Kwa hivyo bonde la mpunga si pahala pake, wala kando ya mfereji wa maji ya kuoshea vyombo. Vilima vya Pemba vyaufaa sana. Upe nafasi ya futi 20 na mti mwenziwe, na futi 12 na ukuta wa nyumba.

Chimba shimo la futi 2 kila upande mwanzo wa masika au wa vuli. Changanya udongo wa juu na samadi iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Pale palipobebeshwa pabaki juu ya ardhi kiasi cha shibiri moja. Mwenye kupazika hupoteza faida ya shina la chini.

Tandaza majani makavu chini ya mti, lakini yaache mbali na shina, kwani unyevunyevu ukiganda hapo gome huoza na kutoa utomvu. Usilime kwa jembe karibu, maana mizizi ya kulishia iko juu juu. Wa maweni wasimwage majivu ya jikoni hapo: ardhi yao imekwisha kuwa na chokaa ya kutosha, na majani yatazidi kupauka. Siku za kaskazi mche mchanga upewe debe moja la maji mara mbili kwa juma. Chipukizi zote zitokazo chini ya kiungo zikatwe.

Maji moto

Wanachama wengi huwaua maji moto kwa sababu ya ukali wao. Sisi twasema wafikirieni kwanza. Siafu hawa wa mtini huwinda wadudu wengi wanaokula majani na kutoboa matunda, na huko Uchina jamaa zao wamewekwa katika michungwa kwa kazi hiyo kwa zaidi ya miaka elfu. Ila nao hufuga vidukari kwa ajili ya utamu wao. Wakizidi, punguza viota. Wakiwa wa kiasi, waache.

Kuchuma

Tangu ua hata tunda kuiva ni kiasi cha miezi 7 hadi 9. Usingoje limau liwe manjano kabisa: katika joto letu huenda likabaki na ukijani na huku limejaa maji. Angalia ukubwa wake, na ulipime uzito mkononi. Limau likisha kuchumwa haliivi zaidi. Kwa hivyo alichumaye changa hulibakisha changa.

Kata kwa kisu au mkasi, ukiacha kikonyo kifupi. Kuvuta huchubua ngozi, na hapo ndipo uozo huingilia. Usichume asubuhi penye umande wala baada ya mvua. Ngozi iliyojaa maji hupasuka vifuko vya mafuta na kutoa madoa. Yaliyoanguka yaokotwe kila siku, yasilee nzi wa matunda.

Nyumbani

Mwaka 1747 tabibu James Lind aliwapa mabaharia wagonjwa wa fizi machungwa na malimau, wakapona upesi kuliko wenzao waliopewa dawa nyingine. Basi limau katika mchuzi wa samaki si ladha tu. Yakizidi, yatiwe achari kwa chumvi na pilipili, katika chupa ya gilasi au chombo cha udongo. Sufuria ya shaba au ya alumini huliwa na ukali wake. Chupa ya achari hukaa miezi, na huuzwa mwezi ambao limau halipo sokoni. Akamuaye malimau anawe mikono kabla ya kutoka juani, kwani maji yake na jua huunguza ngozi.

Haki ya mti

Tumalizie kwa jambo linaloleta ugomvi. Desturi ya visiwa vyetu yatambua kwamba ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule. Kwa hivyo anayepanda katika uwanja usio wake, hata uwe wa shemeji au wa ami yake, aombe ruhusa mbele ya mashahidi wawili, na yaandikwe. Na mume aliyempa mkewe mlimau auze matunda yake, naye aseme wazi angali hai. Tumeona ndugu wakikatana maneno matangani kwa ajili ya mti mmoja, na mti wenyewe ukabaki haumwagiliwi na mtu.

Masika hayako mbali. Mwanachama mwenye mti mzima, usio na dalili tulizozitaja, twamuomba awape wenzake vijiti vya kubebeshea. Tumefundishwa kwamba apandaye mti, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Mlimau uko karibu na mlango. Wapitao ni wengi.

Wabillahi tawfiq.

Katibu, kwa niaba ya Kamati