Mali bila daftari: Sarafu iliyopita Doha

Leo tunaziweka siasa kando na kuzungumzia sarafu moja tuliyoiokota mjini Doha, Qatar, tukakaa nayo miezi tisa kinyume cha taratibu, na yale tuliyojifunza kutokana na kosa hilo.

Sarafu yenyewe haikuwa pesa. Isingeweza kununua hata andazi. Ilikuwa kipande kizito cha madini chenye rangi ya dhahabu. Upande mmoja ulichorwa dira, na upande wa pili ulichongwa namba ya herufi na tarakimu sita. Tuliikuta Januari 2017 ndani ya kopo la plastiki lililofichwa katika bustani ya kando ya bahari, si mbali na Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kiislamu. Humo mlikuwa na daftari dogo lililosainiwa na watu waliotutangulia, kalamu ya risasi na sarafu hiyo.

Kwa wale ambao hawajausikia, mchezo huu huitwa jiokashingi. Mtu huficha kopo mahali fulani, akatangaza kwenye intaneti vipimo vya mahali hapo, na wengine wakalitafuta kwa kutumia GPS, ambayo siku hizi imo ndani ya simu ya mkononi. Anayelipata husaini daftari lililomo na kulirudisha pale pale alipolikuta.

Mchezo huu ulizaliwa Mei 2000. Kabla ya hapo, serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti yanayotumiwa na raia, kiasi kwamba kifaa cha GPS kiliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Mwanzoni mwa mwezi huo Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome. Tarehe 3 Mei, Mmarekani Dave Ulmer alizika ndoo yenye vitu vidogo vidogo karibu na Beavercreek, jimboni Oregon, akatangaza vipimo vyake ili aone kama kuna atakayeifikia. Ilifikiwa katika muda wa siku chache tu. Septemba mwaka huo huo tovuti ya Geocaching.com ilifunguliwa, na leo hii makopo yaliyofichwa duniani yamepindukia milioni tatu.

Sarafu zilifuata baadaye kidogo. Kila moja ina namba yake ambayo haifanani na ya nyingine, na kila namba ina ukurasa wake kwenye tovuti. Mwenye sarafu hueleza pale anataka ifike wapi, kisha huiacha ndani ya kopo na kuondoka. Anayeiokota huandika namba hiyo kwenye tovuti, huibeba mpaka kopo jingine na kuandika tena kuwa ameiacha huko. Tovuti hujumlisha kilomita na kuchora njia kwenye ramani. Kwa namna hiyo mtu aliyekaa kwake huweza kuitazama mali yake ikizunguka dunia mikononi mwa watu asiowajua. Hata roboti Perseverance, iliyotua katika sayari ya Mirihi Februari 2021, imebeba namba ya aina hiyo.

Hapa ndipo Doha inapoingia. Wengi mno wa wakazi wa Qatar ni wageni waliofuata kazi, wakiwemo ndugu zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania. Juu ya hao kuna wasafiri wanaobadilisha ndege hapo wakielekea Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe. Mji wa namna hiyo ni kama bandari kwa sarafu hizi, kwani mtu anayeondoka hakosekani. Lakini pia ni mahali ambapo sarafu hupotea kwa urahisi. Mkataba wa kazi unapokwisha, mtu hufunga mizigo kwa haraka, na kilichosahauliwa kwenye droo hubaki kwenye droo au hutupwa na mpangaji anayefuata.

Sarafu yetu ilikuwa mali ya familia moja ya Ujerumani. Kwenye ukurasa wake waliandika ombi moja tu, kwamba ifike ufukwe wa Afrika Mashariki ambako majahazi bado yanatweka tanga. Ilikuwa imekwishapita Uturuki na Oman. Sisi, watu wa pwani hiyo hiyo, tulifurahi mno. Tuliona kama tumeletewa barua yenye anwani ya nyumbani kwetu.

Tukaipeleka kwenye chumba chetu mtaa wa Najma, tukaiweka juu ya televisheni. Wageni wakija tuliwaonyesha, nao wakaigeuzageuza na kuisifu. Tulijiambia kuwa tutaipeleka wenyewe tutakapopata likizo. Mwezi ukapita, joto likaja, na ramadhani ikaja na kuondoka. Taratibu za mchezo huu husema sarafu isikae kwa mtu zaidi ya wiki mbili hivi, na asiyeweza kuisafirisha aiache kwenye kopo ili mwingine aichukue. Hilo tulilijua. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumeshaizoea na kuiona yetu.

Oktoba tukapata ujumbe kupitia tovuti. Mwenyewe hakutulaumu. Aliuliza kwa upole kama sarafu ingalipo, kwa sababu binti yake alikuwa akifungua ramani kila Jumapili na kukuta mstari umesimama Doha. Ujumbe huo ulituchoma kuliko kama angetutukana.

Rafiki yetu mmoja wa Mombasa, aliyekuwa akifanya kazi ya ulinzi, alitarajia kwenda likizo Novemba, nasi tukamkabidhi. Lakini wakati huo mfanyakazi hakuweza kuondoka Qatar bila kibali cha kutoka nchini kinachopitia kwa mwajiri wake. Cha rafiki yetu kilicheleweshwa. Novemba ikapita, na Desemba vilevile. Jioni alikuwa akiitoa ile sarafu mfukoni na kututania kuwa yeye na sarafu ni wasafiri wawili, ila mmoja wao hana kafili, na kama tungempa abiria mwingine ingekuwa imeshafika. Tulicheka naye, ingawa yeye alikuwa na mtoto mchanga huko kwao ambaye hajamwona.

Aliondoka Januari 2018. Mwaka huo huo Qatar iliwaondolea wafanyakazi wengi sharti la kibali hicho, na Januari 2020 hatua hiyo ikawafikia pia wafanyakazi wa majumbani. Wiki moja baada ya kufika alituandikia kuwa mtoto ameanza kumzoea, na kwamba sarafu iko ndani ya kopo karibu na ufukwe, kusini mwa mji. Mstari kwenye ramani ukaruka kutoka Ghuba hadi Bahari ya Hindi. Kutoka Ujerumani tuliletewa neno moja tu la Kiswahili, asante, ambalo bila shaka walilitafuta kwenye kamusi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pwani yetu ina mfano mkubwa wa msemo huo. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Aliziweka kwenye kopo na kuzisahau hadi mwaka 1979 alipozipeleka zikachunguzwe. Nne zilikuwa za Uholanzi. Tano zilikuwa za shaba, zilizotengenezwa na masultani wa Kilwa, kisiwa kilichoko kusini mwa Tanzania ya leo. Sarafu nyingine ya Kilwa, ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, ilifukuliwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu.

Wataalamu wamejadiliana kwa miaka mingi juu ya zile tano za Australia. Je, zilibebwa na mabaharia wa Kiswahili, na Wareno, au na wafanyabiashara wa visiwa vya Indonesia? Hakuna jibu la uhakika, kwa sababu waliozipokea na kuzipitisha hawakuacha neno lolote. Sarafu zilivuka bahari nzima, lakini habari za waliozibeba zikapotea njiani.

Ndiyo maana tunasema kuandika mstari mmoja si jambo dogo. Sarafu ya mchezo huu haina thamani dukani. Thamani yake ni orodha ya mikono iliyoipitisha. Ikinyamaza, orodha inakatika, na mtu fulani mbali huko anabaki kutazama ramani isiyosogea.

Kwa wasomaji wetu watakaokutana na sarafu ya namna hii, Doha au kwingineko, ushauri wetu ni huu. Soma kwanza ombi la mwenyewe. Kama huwezi kuisogeza upande anaoutaka, iache pale pale, kwani tovuti inakuruhusu kuandika kwamba umeiona tu. Ukiichukua, andika siku hiyo hiyo. Usiweke picha ya namba yake hadharani, maana wapo wanaodai wameiona hali wako vitandani mwao. Na ukiwa mwisho wa mkataba, fungua droo kabla ya kufunga sanduku.

Na ile ya kwetu? Kutoka Mombasa ilichukuliwa na msafiri mmoja, ikaandikwa kwa mara ya mwisho mwaka 2019. Tangu hapo iko kimya. Sisi hatuna haki ya kumlaumu aliyenayo, kwa kuwa nasi tuliwahi kuwa yeye. Pengine iko juu ya televisheni ya mtu anayesoma makala hii. Kama ni wewe ndugu yetu, hujachelewa. Mstari wa ramani bado unakusubiri, na binti wa Ujerumani, ambaye sasa ni mtu mzima, huenda bado huufungua ukurasa huo siku za Jumapili.