Fahamu: Je, mbio za farasi zinaweza kuwa mchezo wa timu?

Ufukweni Diani farasi hubeba wageni. Kwa mbio zenyewe, safari ni hadi uwanja wa Ngong, Nairobi, ambako kila farasi humshindania mmiliki wake. Je, mfumo wa timu unawezekana?

Unaendeshwaje?
Mfano ni Shergar Cup, inayofanyika Ascot, Uingereza, tangu mwaka 2000. Timu 4, kila moja na wapanda farasi 3, hushindana katika mbio 6. Farasi hugawiwa kwa kura. Mshindi huipa timu yake pointi 15, wa pili 10, wa tatu 7, wa nne 5, wa tano 3.

Ugumu uko wapi?
Farasi si mali ya timu, na wenzi wa leo kesho ni wapinzani. Mvuvi wa Msambweni anaijua tofauti: kwenye ngalawa, anayeshika usukani na anayeshika tanga hufika pamoja au hukwama pamoja.

Basi unafaa?
Kwa siku moja ya shamrashamra, ndiyo. Lakini ushabiki kama wa klabu za soka za Gor Mahia au AFC Leopards hujengwa na vizazi. Pointi pekee hazitoshi; timu inahitaji kwao.